Fundi Gasper na Simu Isiyoingia Mfukoni

Gasper Bitariho ana vidole ambavyo ukiviona mara ya kwanza utadhani amevaa glavu. Miaka thelathini na minne amefungua na kufunga mashine za mitumbwi hapa mwalo wa Katonga, na kila mwaka umemwongezea unene kwenye gumba. Kwa mashine, vidole hivyo ni baraka. Nati iliyoshikwa na kutu, iliyowashinda vijana wawili na spana, yeye huilegeza kwa mkono mtupu huku akikuuliza habari za nyumbani. Kwenye simu vilikuwa balaa.

Wakati ule alikuwa na kitochi, kile kisimu cha vibonye, na namba zake zilikuwa zimefutika zote isipokuwa sifuri. Akibonyeza moja zinaitika tatu. Katika orodha yake ya majina, Bariki muuza vipuri wa mjini alikaa jirani na Baba Paroko. Siku moja mashine ya mtumbwi wa Erasto ikiwa imetolewa matumbo nje, Gasper alipiga simu akasema kwa hasira, "Lete plagi mbili sasa hivi, na ukichelewa nakuja kukutoa hukohuko kwa shingo!" Upande wa pili sauti ya upole ikajibu, "Mwanangu Gasper, plagi sina. Ila kitubio kipo Jumamosi saa kumi."

Mimi nauza petroli kwenye vidumu, hatua kumi kutoka kwenye banda lake. Mengi ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, na baadhi nilishiriki, kama mtakavyosikia. Machache ambayo sikuwepo nilisimuliwa na wenyewe.

Gasper alifiwa na mke miaka sita iliyopita. Binti yake mkubwa, Diana, ni muuguzi Tabora. Alipokuja likizo mwaka juzi alikuwa amechoka kupigiwa simu na baba yake na kuagizwa mpira wa mafuta. Akaenda dukani mjini akasema, "Nipe simu kubwa kuliko zote ulizonazo." Muuzaji akatoa moja. "Kubwa kuliko hiyo," akasema Diana. Muuzaji akaingia stoo, akarudi na boksi lenye vumbi. Akakiri kwamba simu ile watu huja kuishangaa, wakaipiga picha kwa simu zao, kisha wakanunua nyingine.

Gasper alipofungua boksi aliigeuza simu mbele na nyuma.

"Hii ni simu," akasema. Hatukujua kama anauliza au anajibu.

Asubuhi ya kwanza alikuja nayo mwaloni kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli. Nusu ilikuwa ndani, nusu ilikuwa inaangalia ziwa. Alipoinama kwenye tezi ya mtumbwi kuchungulia pangaboi, simu ikateleza. Yasmini, anayeanika dagaa mbele ya banda, akapiga ukelele, na Gasper akaidaka kwa goti. Siku hiyohiyo alichukua jaketi la uokoaji lililochakaa, akakata kitambaa chake cha rangi ya machungwa pamoja na sponji lake, akashona mkoba wa kuning'iniza shingoni. Alituambia kwamba hata ikianguka majini itaelea. Hakuna aliyekubali kujaribu.

Akipokea simu, kile kitu kinamfunika kuanzia kwenye kipaji cha uso mpaka ndevuni, anabaki na jicho moja la kutembelea. Ndiyo sababu wiki ya kwanza alipita katikati ya kichanja cha Yasmini na dagaa wakaruka pande zote.

"Kaka Gasper," Yasmini akasema, akiokota, "hiyo simu yako ifungwe taa na honi. Hivi hivi haifai barabarani."

Lakini watu wa mwalo ni watu wa faida. Haikupita muda kila mmoja alikuwa amempata Gasper kwa haja yake. Yasmini alifungia kilemba mbele ya kioo cha simu. Erasto, mwenye mitumbwi miwili na timu moja ya mpira inayomtesa, alikuja kutazama mechi za mchana, na nyuma yake vichwa kumi na viwili. Wauza samaki nao walipata kipimo kipya: mgebuka asiyefikia urefu wa simu ya fundi, huyo bado mtoto, bei yake inashuka. Gasper aliyavumilia yote. Ni mtu mpole, na maneno yake ni machache kama plagi za dukani kwa Bariki.

Furaha yake kubwa ilikuwa moja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, gumba lake lilipata nafasi. Herufi moja, kidole kimoja, nyingine haiguswi. Alianza kuandika ujumbe. Na kwa kuwa macho nayo yalikuwa yameanza kuchoka, Diana alikuwa amemwekea maandishi ya ukubwa wa mwisho kabisa, makubwa kama ya kwenye bango la duka. Neno kama "nimekuelewa" lilijaza mstari peke yake. Mtu aliyekaa mtumbwi wa pili aliweza kulisoma bila kunyoosha shingo.

Hapo ndipo ilipoanza habari ya Capitoline.

Mwezi wa pili, mtu wa Mwandiga aitwaye Minani alimwomba Erasto amtafutie fundi wa injini ya dizeli. Dada yake ana mashine ya kukamulia mawese pale Mwandiga, na ilikuwa imegoma na chikichi zimejaa uani. Dada mwenyewe ndiye Capitoline, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mama wa watoto wanne waliokwisha kujitegemea, aliyefiwa na mume miaka minane nyuma. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na hata leo akishangaa hushangaa kwa Kirundi.

Gasper alikwenda, akaitengeneza kwa siku moja. Siku ya pili akarudi kuangalia inaendaje. Siku ya nne akarudi kwa kuwa alisahau spana namba kumi na tatu. Sisi tulihesabu: spana hiyo ilisahauliwa Mwandiga mara tatu, na fundi huyu katika miaka thelathini na minne hajawahi kusahau hata msumari.

Kisha ujumbe ukaanza kuingia. Yasmini ndiye aliyeusoma wa kwanza, akiwa kwenye kichanja chake, mikono imejaa dagaa, nao ulianza kwa salamu ya kwao Capitoline.

"MWAKEYE FUNDI. MASHINE INAUNGURUMA VIZURI. LEO TUMEJAZA MADUMU MANNE. NIMEKUWEKEA CHUPA YAKO."

Gasper alitafakari, akaandika: "SAWA."

Kesho yake ukaja mwingine, wa sombe, kisamvu chetu cha huku. "NIMEPIKA UGALI WA MUHOGO NA SOMBE. NIMEKUMBUKA ULISEMA UNAPENDA SOMBE."

"SAWA."

Siku ya mvua kubwa: "HUKU MAJI YANAINGIA MPAKA NDANI. HUKO ZIWANI MKO SALAMA?"

"SAWA."

Yasmini aliacha dagaa wake. Alikuja bandani na magamba mikononi, akasimama mbele ya Gasper.

"Kaka, nisamehe, mimi sipendi kuingilia mambo ya watu."

Sote tukageuza nyuso ili asione tunavyocheka.

"Mwanamke anakuandikia maji yanaingia ndani, unamjibu sawa? Sawa kitu gani? Azame?"

Gasper akaufunika mkoba wake wa machungwa kwa viganja viwili. "Umesomaje?"

"Nimesomaje! Meshack amesoma akiwa majini!"

Meshack, nahodha wa mtumbwi wa Erasto, alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni akisukuma mtumbwi. Akaitikia kwa adabu, "Shikamoo Mzee. Ni kweli, nimesoma. Mwambie pole."

Ndivyo ilivyoundwa kamati. Ilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, watu wamekaa bure, na mtu aliyekaa bure huona kasoro katika mapenzi ya mwenzake. Yasmini alikaa kulia, Erasto kushoto, Meshack nyuma, na mimi nikaacha vidumu vyangu nikasimama pembeni kama mtu anayepita tu. Gasper aliketi katikati juu ya mtumbwi uliopinduliwa, simu magotini, jasho linamtoka kuliko siku ya kushusha injini.

"Andika: Mpenzi Capitoline," akasema Yasmini.

"Sijawahi kumwita hivyo."

"Ndiyo maana bado unasahau spana. Andika."

Akaandika. Yasmini akaendelea: tangu nilipokuona sijala nikashiba. Erasto, aliyeoa mara mbili na kujiona mtaalamu, akaongeza: moyo wangu ni mtumbwi uliokatika kamba. Pale wakakwama, mtumbwi umekatika kamba na hauna pa kwenda. Mimi ndiye niliyesema, "Wewe ndiye gati langu." Sijivunii. Ilinitoka.

Kazi ile ilichukua karibu saa nzima, maana kila neno lilijaza mstari na Gasper alikuwa akirudi juu kuhakiki kama bado anakubaliana nalo. Mwishoni aliongeza kwa hiari yake, bila kuambiwa na mtu: "GASPER BITARIHO, FUNDI." Yasmini akakibonyeza kitufe cha kutuma kwa kidole chake mwenyewe, kabla fundi hajabadili nia.

Hatukuwa tumeinuka simu ilipoita. Kioo chote kikawaka: Capitoline anapiga, na anapiga kwa video.

"Kata!" akasema Erasto.

Gasper alipeleka gumba kukata. Hata kwenye simu ile, ukiharakishwa gumba ni gumba. Likapokea.

Simu nyingine labda ingemwonyesha fundi peke yake. Hii ilikuwa imesimamishwa magotini kama fremu ya ukutani, na sisi watano tumeinama tumebanana kama watu wa picha ya harusi. Capitoline alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani, na nyuma yake mashine ya mawese inatweta.

"Mwakeye nyote," akasema.

Tukaitikia kwa pamoja, kama darasa.

"Katika ninyi, ni nani ambaye tangu anione hajala akashiba?"

Mkono wa Yasmini ukapanda polepole, wenyewe tu, kama wa mwanafunzi mwaminifu.

"Na mtumbwi?"

Erasto akakohoa.

Sikungoja kuulizwa gati. Niliangalia pembeni, kwenye vidumu vyangu.

"Na wewe, fundi," akasema Capitoline, "umeandika neno gani hapo?"

Gasper aliinamia kioo. "Jina langu," akasema. "Pale mwisho."

Capitoline akamtazama kidogo, akakata simu, kioo kikarudi kuwa cheusi, na tukajiona sisi wenyewe ndani yake, watano, tumekodoa macho.

Gasper hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Aliizima simu, akaifunga kwenye mkoba, akautundika kwenye msumari bandani na kuendelea kusugua kabureta iliyokwisha kung'aa. Siku mbili hakuiwasha. Wenye mitumbwi waliomtafuta kwa simu wakaja kwa miguu. Yasmini alimpelekea chai na maandazi asubuhi zote mbili bila kusema neno. Ukimjua Yasmini utajua hiyo ni toba kubwa.

Siku ya tatu Gasper alioga mchana, akavaa shati la Jumapili, akavaa na mkoba wake wa machungwa juu ya shati, akapanda bodaboda kwenda Mwandiga. Yaliyotokea huko alinisimulia yeye kwa vipande, kwa muda wa wiki kadhaa. Capitoline aliniunganishia baadaye.

Alimkuta anachambua chikichi uani.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, fundi. Umekuja peke yako, au wenzako wamo humo kwenye simu?"

"Nimeizima."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Capitoline akaendelea kuchambua. Gasper akasimama. Kuna watu wakisimama bila kusema wanakuchosha, na kuna wengine kama Gasper, ambao ni kama mti umeota uani kwako. Mwishowe akasema, "Yale maneno hayakuwa yangu."

"Ego, ndiyo, nilijua. Mtu aliyekula sombe yangu vile hawezi kusema hajashiba." Akatupa chikichi kwenye ndoo. "Sasa yako ni yapi?"

"Yangu ni sawa."

"Sawa nini?"

Hapo, Capitoline anasema, aliona kabisa jinsi maneno yanavyopanda kutoka tumboni mwa yule mtu, moja moja, kama maji ya kisima kirefu. "Ile ya kwanza," Gasper akasema, "ilikuwa kwamba nitaifuata chupa mwenyewe. Ile ya sombe, kwamba ningekuwa na nafasi ningekuja jioni ileile. Ya mvua, nilikuwa nafikiria paa lako. Bati la pale kwenye kona halina misumari miwili. Niliona siku ya kwanza."

Capitoline akainua macho kwenye kona ya paa. Bati lilikuwa limeinuka kidogo, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema.

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Ni refu."

Mama yule akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Mana yanje! Fundi, una simu kama mlango, unaogopa neno refu?"

"Nataka tuoane," akasema Gasper, nadhani kwa sababu lilikuwa fupi. "Kama hutaki, niambie nirudi kazini."

Capitoline alisema atafikiri. Alifikiri kwa muda wa kuchambua ndoo moja. Kisha akamwambia kwamba kaka yake Minani yupo, mambo yapite kwake, na yapite kwa mdomo, bila kamati. Gasper akasema sawa, akaomba nyundo na misumari miwili, akapanda juu ya paa na shati lake la Jumapili.

Kabla hajaondoka, Capitoline aliomba kuiona simu. Aliiwasha, akaona maandishi yale, akaelewa kila kitu. Barua zake zote alizodhani anamwandikia mtu mmoja zilikuwa zinasomwa na ufukwe mzima. Akashika mdomo. Kisha akaingia kwenye mipangilio, maana yeye simu anaijua vizuri, akapunguza herufi mpaka zikawa za kawaida. Gasper akaishika, akainyoosha mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Sioni kitu," akasema.

"Basi tatizo si vidole tu," akasema Capitoline. "Kesho nenda ukapimwe macho."

Akaenda mjini, akapimwa, akarudi na miwani. Wiki ile alisoma kila kibandiko kwenye kila mashine, akagundua kwamba mashine mbili za Erasto amekuwa akizichanganyia oili kwa kipimo kisicho chake, na akamwomba radhi. Sisi wengine tulipata hasara. Ujumbe ukiingia anavaa miwani, anatabasamu, anavua miwani, na hakuna anayejua kilichoandikwa. Yasmini amewahi kupita nyuma yake mara sita kwa kisingizio cha ndoo ya maji.

Kwa Minani, Erasto alikwenda kuwa mshenga, akionywa mara nyingi asitaje mitumbwi. Alirudi akasema mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Minani alikuwa na swali moja tu zito: kama mashine ikiharibika baada ya ndoa, dada yake atatengenezewa siku hiyohiyo au ataambiwa asubiri foleni kama wateja wengine? Gasper aliahidi siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi.

Walifunga ndoa mwezi wa saba, kanisani Mwandiga, asubuhi. Diana alikuja kutoka Tabora na alilia. Yasmini, ambaye ni Mwislamu na hakuwa na uhakika wapi pa kusimama na wapi pa kukaa, alikaa karibu na Capitoline kwenye sherehe, na mpaka mchana walikuwa wameshakubaliana biashara: dagaa kwenda Mwandiga, mawese kuja Katonga.

Shida ilikuwa pa kuishi. Gasper ana nyumba yake Gungu, nzuri, yenye ukuta. Lakini mashine ya mawese haihamishiki na ziwa halihamishiki, na Capitoline alisema yeye alishahamishwa na dunia mara moja akiwa mgongoni, inatosha. Kwa hiyo nyumba ya Gungu imepangishwa kwa mwalimu Happiness na familia yake, na fundi anakuja kazini kila asubuhi kutoka Mwandiga, amekumbatia simu yake kifuani ili isigongane na abiria wenzake. Amenenepa. Ovaroli linambana.

Juzi nilipompelekea lita tano za kujaribia mashine, nilimuuliza anaonaje maisha ya kule. Alifuta mikono kwanza, kidole kimoja kimoja.

"Kuna kelele," akasema. "Asubuhi jogoo. Mchana mashine. Jioni Capitoline."

Kisha akainama kwenye mashine, akaendelea kupiga mluzi.